Kilwa Katika Gemu: Utetezi wa Rai Zisizopendwa

Kusudi la makala hii ni kutetea rai ambazo najua ya kuwa hazipendwi na wazee wa pwani, wala hazipendwi na wasomi wenzangu wa lugha. Rai ya kwanza ni kwamba michezo ile ichezwayo kwa mtambo wa kompyuta, ambayo vijana huiita gemu, ni kazi ya sanaa istahikiyo kuhakikiwa kama tenzi na tamthilia zihakikiwavyo. Rai ya pili, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu, ni kwamba gemu hupimwa kwa kanuni zake kabla ya picha zake: yaani kwa yale inayomruhusu mchezaji kuyatenda na yale inayomkataza. Mtu akiishika mizani hii, hukumu nyingi zilizokwisha kutolewa juu ya gemu zinazoitaja pwani yetu hugeuka juu chini. Iliyosifiwa huonekana kuwa na upungufu, na iliyolaaniwa huonekana kuwa na kosa jingine, kubwa kuliko lile ililolaaniwa kwalo.

Nayaandika haya Kilwa Masoko, mahali ambapo mtu asimamaye gatini huiona Kilwa Kisiwani ng'ambo ya maji ya kiasi cha kilomita mbili. Katika mtaa nilikofikia kuna kibanda cha mabati chenye televisheni mbili na padi nne, ambamo vijana hulipa kwa kila mchezo, na ashindwaye humpisha mwenziwe. Wanachocheza aghalabu ni kandanda, nao hujitangazia wenyewe kwa Kiswahili, kwa kuwa mtangazaji aliyetiwa ndani ya mtambo hakijui. Na utangazaji wao, kusema kweli, una ladha kuliko wake. Wazee wapitao hapo husikitika. Husema ya kuwa ni upotevu wa wakati, ni jambo la kigeni, tena la kitoto. Wasomi wenzangu husema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi.

Sitatumia karatasi nyingi kuwajibu. Ugeni wa umbo haujapata kuwa hoja katika fasihi yetu. Tamthilia ya jukwaani ilitufikia kwa njia ya shule za wakoloni, lakini Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, aliichukua sura hiyo akaandika Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, juu ya vita vilivyozuka mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi, nyuma ya pwani hii hii. Wala hakuna leo aidaiye tamthilia ile hati ya kusafiria. Ama shtaka la utoto, bao huchezwa na watu wenye mvi tangu alasiri hata magharibi, na sijasikia mtu akiwaita watoto.

Shtaka moja tu nalikubali, nalo ni la fedha. Zipo gemu za simu zitolewazo bure, kisha humchuma mchezaji kidogo kidogo kwa kumuuzia visanduku ambavyo hajui ndani yake mna nini. Hiyo ni kamari iliyovikwa kanzu. Ubelgiji, mwaka 1918 uliopita zaidi ya karne moja haikuweza kuwazia jambo hili, lakini mwaka 2018 halmashauri yake ya michezo ya bahati ilitamka ya kuwa visanduku vinavyolipiwa ni kamari kwa mujibu wa sheria. Hapa pia rai yangu haipendwi: gemu iuzwayo kwa bei yake mara moja, hata ikiwa ghali, ina uaminifu kuliko ile ya bure. Basi tuliache hilo, maana si kazi ya mwanaisimu.

Kabla ya kuendelea yanipasa kulitetea neno gemu lenyewe. Wako wanaotaka tuseme mchezo wa video, nao huona kwamba gemu ni uvivu wa vijana. Lakini neno mchezo limekwisha kubeba mizigo mingi. Kandanda ni mchezo, tamthilia ni mchezo wa kuigiza, akina mama wakichangiana fedha kwa zamu husema wanacheza mchezo, na jambo zito huambiwa kuwa si mchezo. Tena video, katika miji yetu, ni banda la kuonyeshea filamu; kijana asemaye kwamba alikwenda video jana hakushika padi hata kidogo. Mchezo wa video, basi, kwa sikio la mtu wa Kilwa Masoko, waweza kuwa filamu yenye waigizaji. Gemu halina utata huo. Limeingia katika ngeli ya tisa na ya kumi bila matata, kama redio na filamu zilivyoingia: gemu hii, gemu hizi, gemu imekwisha. Limeziba pengo lililokuwapo, na neno lizibalo pengo halifukuzwi.

Sasa nirudi kwenye kanuni. Asiyeamini kwamba kanuni yaweza kuwa na maana, na alitazame bao. Kete sitini na nne zafanana zote. Hapana kete ya mfalme wala ya askari, hapana picha wala hadithi. Hata hivyo mchezaji wa bao la Kiswahili ana nyumba, naye huionea uchungu nyumba ile. Uchungu huo watoka wapi? Watoka katika kanuni. Nyumba huanza na kete sita. Wakati wa kunamua, mchezaji alaye kete za mwenziwe na kumalizia nyumbani mwake amepewa hiari ya kulala au kuendelea, hiari ambayo hana katika shimo jingine lolote. Na mara aondokapo na kete zake zote, nyumba ile si nyumba tena. Kanuni imelipa shimo moja kati ya mashimo thelathini na mawili hadhi ya maskani. Kisha kete za mkononi zikiisha, kunamua kwisha, na mtaji ukaanza, mchezo hubadili tabia yake kama maisha ya mtu yabadilikavyo akisha kutumia akiba. Hayo yote yamesemwa pasipo neno hata moja. Watu waliolelewa katika bao hawapaswi kuwa wageni katika uhakiki huu; ningesema ni wao waliotakiwa kuuanzisha.

Tuichukue gemu ya kwanza. Civilization VI ilitolewa na kampuni ya Firaxis ya Marekani mwaka 2016. Mchezaji hushika taifa moja, akalijenga tangu miaka 4000 kabla ya Masihi mpaka zama zetu. Katika nyongeza yake iliyotolewa mwaka 2018 iliingizwa Kilwa Kisiwani miongoni mwa maajabu ya dunia ambayo mchezaji aweza kuyajenga. Habari hiyo ilipofika kwetu, wengi walifurahi kama watu walioona jina lao gazetini. Wengine waliudhika, na sababu yao ilikuwa dhahiri: mtu yeyote aweza kuijenga Kilwa. Mchezaji ashikaye Norwe aweza kuisimamisha kwenye fukwe zenye theluji, na ashikaye Brazili aweza kuiweka kando ya misitu yake. Wenye kuudhika waliuliza, huu si uporaji?

Rai yangu ni kinyume cha pande zote mbili. Sioni cha kufurahia katika kutajwa jina, wala sioni uporaji katika kuhamishwa mawe, kwa kuwa katika gemu hiyo mapiramidi nayo huhamishwa. Tutazame kanuni yenyewe. Kilwa haijengwi ila kwenye ardhi tambarare iliyopakana na bahari. Ikisha kujengwa, humpa mwenyewe wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji midogo inayojitawala. Na yule ambaye wajumbe wake wameipata nafasi ya ulezi juu ya miji hiyo, faida aipatayo kutoka kwao huzidi kwa asilimia 15. Hapana askari katika kanuni hiyo, wala boma. Nguvu ya Kilwa, kwa hesabu ya watungaji wale, ni ushawishi juu ya miji mingine, na ushawishi uzaao mali.

Nasema ya kuwa hiyo ni sentensi ya historia, tena sentensi iliyo sahihi. Kilwa ya karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Husuni Kubwa yahesabiwa kuwa kazi yake, haikuitawala pwani kwa majeshi. Ilikaa kati ya dhahabu ya Sofala na merikebu za kaskazi, ikapiga sarafu zake yenyewe, na moja ya sarafu hizo imeokotwa hata Zimbabwe Kuu. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji uliokuwa tajiri kwa sababu watu wengine walitaka kupitia kwake. Vitabu vingi vya shule husema Kilwa ilikuwa na nguvu, kisha huhesabu misikiti. Gemu hii yamlazimisha mtoto atumie nguvu ile kwa mikono yake mwenyewe mpaka aijue ilikuwa nguvu ya namna gani.

Lakini hapo hapo pana upungufu, nao hauko mahali ulipotafutwa. Katika Civilization VI hakuna taifa la Waswahili ambalo mchezaji aweza kulishika. Kilwa ni johari, na johari haina mdomo. Huvaliwa na dola nyingine. Mji ambao katika historia ulikuwa mmoja wa miji ile inayojitawala umegeuzwa kuwa chombo cha kuilea miji inayojitawala kwa manufaa ya mfalme fulani wa mbali. Unguja nayo imewekwa katika gemu hiyo kuwa mji wa biashara, na alezaye Unguja hupata mdalasini na karafuu zisizopatikana pengine popote. Mtu aweza kucheka kidogo, maana karafuu haikushamiri Unguja ila katika karne ya 19, na katika gemu zaweza kuchumwa kabla Firauni hajazaliwa. Kosa hilo la tarehe ni dogo. Kubwa ni kwamba Unguja, kama Kilwa, ipo ili ipatwe.

Gemu ya pili ni Europa Universalis IV, ya kampuni ya Paradox ya Sweden, iliyotoka mwaka 2013. Huanza Novemba 1444, na humo Kilwa ni dola kamili. Kijana wa Masoko aweza kushika Kilwa, akafanya mapatano na jirani zake, akajenga merikebu, akawangoja Wareno. Katika historia walikuja mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Katika gemu si lazima wafaulu. Kwa hiyo wako wasifuo gemu hii kwamba imetupa sauti ambayo ile nyingine ilitunyima.

Nami nilidhani nitakubaliana nao, mpaka nilipotazama jinsi biashara ipitavyo. Ramani imegawanywa katika vituo vya biashara, na kimoja chaitwa Zanzibar. Mali hutiririka kutoka kituo hata kituo kwa njia zilizochorwa na watungaji, na njia hizo zina mwelekeo mmoja usiogeuka. Zote hatimaye huishia katika vituo vitatu: Venice, Genoa, na mlango wa bahari wa Uingereza. Mchezaji wa Kilwa aweza kuchota mali ipitapo mbele yake, aweza kuipunguza au kuisukuma kwa nguvu zaidi, bali hawezi kuigeuza irudi. Awe hodari kiasi gani, awe ameteka pwani yote mpaka Sofala, ameingia Hindi na ameishusha Lisbon magoti, mto ule utaendelea kutiririka kwenda Ulaya.

Mtu aiweke kanuni hii kando ya historia. Mwaka 1444 dhahabu na pembe za Kilwa zilikwenda Arabuni na Hindi. Nguo, shanga na vyombo vya kaure vilirudi kwa pepo za msimu, na mwendo wake ulikuwa wa kwenda na kurudi kama pepo zenyewe. Ulaya haikuwa mwisho wa njia hiyo. Watungaji wamechukua hali iliyokuja kuwa kweli karne kadha baadaye, wakaitia chini ya msingi wa dunia, mahali ambapo mkono wa mchezaji haufiki. Kanuni hiyo haionekani kama maneno ya dharau yaonekanavyo. Haikumtukana mtu. Mchezaji humaliza mamia ya saa bila kuambiwa kwamba Ulaya ni kikomo cha mali yote; ameiishi tu habari hiyo. Kwa mizani yangu, hii ndiyo kauli nzito kuliko zote zilizopata kusemwa juu ya Kilwa ndani ya gemu, na ni kauli isiyo kweli.

Basi tunayo gemu moja iliyoielewa Kilwa ikaifunga mdomo, na nyingine iliyoipa mdomo katika dunia ambayo haiwezi kusema lolote la kubadili mambo. Nikilazimishwa kuchagua nitaichagua ya kwanza, na hili najua litawaudhi wengi.

Niende sasa kwenye gemu iliyolaaniwa kuliko zote. Resident Evil 5 ilitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2009. Mzungu wa Marekani aingia katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, ambao watu wake wametiwa vijidudu vilivyowaondolea akili, naye huwapiga risasi. Maonyesho yake ya mwanzo ya mwaka 2007 yalizusha mabishano makali juu ya rangi, na mabishano yale yalikuwa ya haki. Sina la kuyapunguza. Lakini katika yale niliyoyasoma, jambo limhusulo mwanaisimu liligusiwa kwa ncha ya kidole tu: watu wale waliopotewa na akili hupiga kelele kwa Kiswahili, ilhali Kijuju imewekwa Afrika ya Magharibi. Jina lenyewe lina sura ya mji wa kwetu, kama Kisiju au Kivinje, lakini limebandikwa elfu za maili mbali na watu wasemao hivyo. Na viumbe wenyewe huitwa Majini.

Neno hili lafaa kutazamwa polepole. Kwanza, msomaji wa Kilwa alionapo pekee, pasipo sentensi, aweza kulisoma maji-ni, yaani ndani ya maji, kabla hajalisoma ma-jini. Matamshi ni mamoja na mkazo ni ule ule. Hilo ni jambo la kuchekesha tu. Kubwa ni maana. Kwa desturi ya pwani, jini hutenganishwa na hayawani kwa jambo moja hasa: jini husemeshwa. Akimpanda mtu, mtu yule huwa kiti chake. Na fundi wa kupunga humwuliza jina, kabila, dini na haja. Jini aweza kuwa Mwislamu au asiwe, aweza kutaka nguo, uvumba, au ngoma ya usiku saba. Aweza kukaidi, kudanganya, kukubali, na kuondoka kwa maagano. Mtu aweza kuyaamini haya au asiyaamini. Hata hivyo mambo yote ya jini, katika lugha yetu, yamejengwa juu ya mazungumzo.

Katika Resident Evil 5 majini husema, tena husema Kiswahili kinachosikika, na hapana kitufe cha kuwajibu. Vipo vitufe vya kulenga, kufyatua, kukata kwa kisu na kukimbia. Hapo ndipo kosa lilipo. Kama viumbe wale wangalinguruma tu, dharau ingalikuwa ya picha. Lakini watungaji waliwapa lugha kamili, yenye wasemaji, kisha wakaandika kanuni isemayo kwamba asemaye lugha hiyo hana cha kusikilizwa. Wakaazima na jina la kiumbe ambaye kwa wenyewe ni msemaji mkuu. Wale waliotaka Kiswahili kiondolewe katika gemu ile walitaka dawa isiyofaa. Mimi ningependa kibaki, na kiongezwe kitufe kimoja.

Juu ya Halo nitasema machache, maana hakuna mengi ya kusema. Katika Halo 2 ya mwaka 2004 na Halo 3: ODST ya mwaka 2009, kampuni ya Bungie iliuweka mji wa New Mombasa katika karne ya 26. Wenyeji wengi wa Mombasa hujivunia jambo hilo. Utawakuta humo Kizingo na Kikowani, majina ya kweli ya mitaa, na Kikowani, ambayo Mombasa hujulikana kwa makaburi yake, imekuwa kituo cha treni. Lakini mji umehamwa. Mchezaji hutembea usiku katika njia tupu, na jina la mtaa halimwambii jambo analoweza kulitenda. Kizingo ingeitwa kwa jina lingine lolote, kanuni isingetikisika. Liko jambo moja tu lililonifurahisha. Katika hadithi inayosikilizwa kwa vipande njiani, mtaalamu anayehusika na mtambo uuendeshao mji huo ni Daktari Endesha. Kwa Kiswahili hilo ni tendo la kuamrisha, lenye kiambishi cha kusababisha, na maana yake ndiyo kazi yake. Kama ni kusudi, mtungaji alikuwa na kamusi nzuri. Kama ni bahati, ni bahati ya mtu aliyefungua kamusi penye herufi E akachukua lililomjia mkononi.

Imebaki Baba Yetu. Wimbo huu ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na kabla yake hakuna muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu uliokuwa umeipata tuzo hiyo. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea udaktari, watu wasiojua hata salamu moja ya Kiswahili walikuwa wakiuimba mbele yangu wakitaraji nifurahi. Wasomi wenzangu wauona kuwa ni pambo: Kiswahili kimetumiwa kwa sauti yake tamu, na maana haikujaliwa. Tena, wasema, lugha ambayo hati zake za kale za ushairi, kama Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, ni za Kiislamu, imewakilishwa kwa sala ya Kikristo.

Nakubali kwamba hapa Kilwa uwakilishi huo una ugeni wake. Lakini sala ile ni Kiswahili sanifu kisemwacho na mamilioni kila Jumapili, na kwa sikio langu mkazo wa maneno umekaa kwa jumla pale ustahilipo, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya nyimbo nyingi zitungwazo Dar es Salaam. Tena tuangalie umewekwa wapi. Ni wimbo wa mlangoni, usikiwao kabla ya taifa lolote kuchaguliwa. Kabla mchezaji hajawa Mrumi au Mchina, husikia binadamu wote wakisema kwa lugha yetu. Nimetafuta kitabu cha isimu kilichokipa Kiswahili nafasi hiyo, sikukipata.

Kutoka mlango huo, hata hivyo, mchezaji huingia nyumba ambayo haina neno la Kiswahili. Civilization VI, yenye Kilwa na Unguja ndani yake, yaweza kusomwa kwa lugha kadha za Ulaya na Asia, na kwa Kiswahili haiwezekani. Kijana wa Masoko husoma habari za kisiwa anachokiona dirishani kwa Kiingereza. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na tangu hapo hotuba hazijapungua. Husemwa ya kuwa kampuni zatudharau. Rai yangu ya mwisho isiyopendwa ni kwamba kampuni hutazama soko, na hilo halishangazi; linaloshangaza ni kwamba sisi hatujawaandalia kitu ambacho, hata wakitaka, wangekitumia.

Sisemi istilahi. Istilahi twazitunga. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili, na kazi ile ilionyesha kwamba maneno hayakosekani. Lakini programu ya ofisi yataka majina ya vitufe: fungua, hifadhi, chapisha. Gemu yataka sentensi, na sentensi zake hazikuandikwa na mtu. Hujengwa na mtambo mchezo ukiendelea. Mtunzi huandika kiunzi chenye pengo, na mtambo hulijaza kwa jina la chochote kilichotekwa, kilichojengwa au kilichozama. Kwa Kiingereza kitenzi hakijali ni kitu gani. Kwa Kiswahili askari ametekwa, mji umetekwa, kisiwa kimetekwa, meli imetekwa, jahazi limetekwa. Kiunzi kimoja cha Kiingereza chadai viunzi vingi vya Kiswahili, na mtambo sharti ujue ngeli ya kila jina uliolimeza. Warusi na Wapolandi walikuwa na taabu ya namna hiyo katika jinsia na mianguko ya majina yao, ikatatuliwa, na gemu huchezwa kwa lugha zao. Kinachotakiwa ni jedwali: kila jina na ngeli yake, kila kitenzi na viambishi vyake, limepangwa kwa namna ambayo mtu asiyejua Kiswahili aweza kulitia katika mtambo. Ni kazi ya mwaka mmoja kwa wanafunzi wachache wa shahada ya pili. Nijuavyo, katika idara zetu hakuna aliyepewa kazi hiyo, kwa sababu gemu ni jambo la kitoto.

Kazi yenyewe ina maswali ambayo hayajajibiwa hata katika sarufi zetu nzuri. Nichukue sentensi ile ile ambayo Civilization VI humtangazia mchezaji ajabu lake likisha kukamilika, tuseme la Kilwa Kisiwani. Kitenzi kitapatana na nini? Niliwauliza wanafunzi wangu chuoni, wakasema imejengwa, kwa kuwa jina la mahali hufuata ngeli ya tisa kama Tanzania. Mmoja alishikilia umejengwa, kwa kuwa ni mji. Niliwauliza wavuvi watatu wa makamo hapa gatini, kila mmoja peke yake, nao bila kusita walisema kumejengwa, kwa kuwa lile -ni la Kisiwani bado wanalisikia. Kwa wanafunzi Kilwa Kisiwani ni kitu; kwa wavuvi ni mahali ambapo watu wamo. Katika jedwali langu nimeandika kumejengwa, na pembeni nimeacha nafasi.